Yah: Malalamiko kuhusu kinga ya mdomo mliyomuuzia binti yangu mwenye waya za meno

Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Duka la Vifaa vya Michezo,
Kariakoo, Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Binti yangu ana miaka 14, anacheza mpira wa kikapu na amefungwa waya za meno juu na chini. Daktari wake alituambia tangu mwanzo kwamba waya si sababu ya kuacha michezo, ila asiingie uwanjani bila kinga ya mdomo, yaani kile kifaa laini kinachovaliwa kwenye meno wakati wa mchezo. Kikapu ni mchezo wa viwiko. Mchezaji mwenye waya akigongwa, vile vichuma vidogo vilivyogundishwa kwenye meno ndivyo vinavyomchana mdomo kwa ndani. Nilikuja naye dukani kwenu makusudi, ili muuzaji amwone.

Na alimwona. Binti alifungua kinywa akamwonyesha waya. Nikamuuliza kijana wenu kama mna kinga ya watu wenye waya, akajibu: "Mama, hii inafaa wote. Unaichovya kwenye maji ya moto, anaing'ata, basi." Nikalipa.

Tulifuata maelekezo hatua kwa hatua. Plastiki ilipolainika ilipenya chini ya waya, ikavizunguka vichuma, halafu ikapoa na kukaza humohumo. Haikutoka. Mtoto analia, mimi naivuta taratibu upande huu na upande ule, na ilipoachia ikaondoka na vichuma viwili vya meno ya mbele, vimezama kwenye plastiki. Waya ukapinda, ncha ikamchoma mdomo. Usiku ule tuliiziba ncha kwa nta aliyopewa na daktari tukasubiri kliniki ifunguliwe.

Daktari alipoiona tu alijua. Kinga za kuchovya kwenye maji ya moto hujitengeneza kwa umbo la meno yalivyo siku hiyo, na meno yenye waya yanasogezwa kila mwezi, kwa hiyo hata isingenasa isingekaa sawasawa kwa muda mrefu. Wenye waya wana kinga zao: za silikoni laini, hazichemshwi, zina nafasi ya kupitisha vichuma, na kwa aliye na waya juu na chini zipo zinazokinga pande zote mbili. Vinginevyo daktari wa meno huchukua vipimo na kutengeneza ya mtu binafsi.

Kilichoniuma zaidi ni boksi lenyewe. Nilibandua stika yenu ya bei, na chini yake nikakuta mstari wa Kiingereza, herufi ndogo kama ulezi, unaosema bidhaa hii isitumiwe na mtu mwenye waya za meno. Mtengenezaji alionya. Duka lenu likaufunika mstari huo, kisha muuzaji wenu akasema kinyume chake mbele ya mtoto mwenyewe.

Naomba mnirudishie bei ya kinga na mlipe gharama ya kugundisha upya vichuma na kubadilisha waya. Risiti zote mbili na picha za boksi nimeambatanisha. Pia stika hizo zibanduliwe leo, si wiki ijayo, na onyo liandikwe kwa Kiswahili pale rafuni. Viwanja vya Don Bosco Upanga anakofanyia mazoezi, binti yangu si peke yake mwenye waya, na wazazi wengi tunanunua Kariakoo. Wauzaji wenu wafundishwe kumuuliza mnunuzi swali moja tu kabla ya kupokea hela: mchezaji ana waya? Na kama kinga za silikoni hamna, waseme hamna. Mzazi atakwenda kwa daktari.

Mkae mkijua kwamba Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mteja. Nasubiri majibu ya maandishi ndani ya siku 14. Nisipoyapata, nitapeleka barua hii pamoja na boksi Tume ya Ushindani.

Wenu,
Mzazi na mteja,
Tabata, Dar es Salaam.