Barua ya wazi kwa Waziri wa Utamaduni wa Kaunti ya Lamu: watoto wetu wapewe tungo pamoja na waliozitunga

Mheshimiwa Waziri,

Assalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh.

Nakuandikia kutoka Langoni, katika nyumba niliyozaliwa. Nimefundisha Kiswahili katika shule za visiwa hivi miaka 31, nikastaafu, na sasa watoto wa mtaani huja barazani kwangu baada ya alasiri na vitabu vyao. Jambo ninalokuletea limetoka kwenye baraza hilo, na limeninyima usingizi.

Msichana mmoja wa kidato cha tatu alinijia na karatasi ya fasihi waliyopewa kufanyia mazoezi. Palikuwa na beti chache za Utendi wa Mwana Kupona, na chini yake swali: eleza maudhui ya shairi hili, alama nne. Alikuwa ameshajibu. Utiifu wa mke, dini, malezi, mapenzi ya mzazi. Kila jibu na alama yake. Nikamuuliza, "Mwanangu, huyu Mwana Kupona ni nani?" Akasema, "Ni malenga wa kale, mwalimu." Wa wapi? Akanyamaza kidogo, kisha akasema labda Unguja.

Mheshimiwa, mama yake mtoto yule ni mtu wa Siyu. Kila sikukuu huvuka kwenda kwa bibi yake, na nyumba ya bibi yake haiko mbali na ngome. Amecheza utoto wake katika mji alioolewa Mwana Kupona, na hakuna aliyemwambia.

Simlaumu mtoto. Wala simlaumu mwalimu wake, maana hata mimi nilifundisha hivyo miaka mingi: maudhui, dhamira, vina na mizani, kengele ikalia tukatoka. Ninalokuomba leo ni kwamba watoto wa Lamu wasome tungo za Lamu pamoja na maisha ya waliozitunga, na mahali zilipotungwa. Uwezo huo uko mikononi mwako. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imeweka maktaba, makumbusho na shughuli za utamaduni chini ya kaunti. Mtaala wa shule si wako, hilo nalijua. Lakini mashua, maktaba na wazee wa visiwa hivi, hayo yako karibu nawe kuliko yalivyo karibu na mtu yeyote wa Nairobi.

Niruhusu nikuonyeshe mtoto yule amekosa nini.

Utendi ule ulitungwa 1858. Mwana Kupona binti Mshamu, mzaliwa wa Pate, yuko kitandani, na mwenyewe anasema maradhi yamemshika hata yametimia mwaka. Ni mjane. Mume wake, Bwana Mataka, alikuwa kiongozi wa Siyu aliyekataa mji wake kuwa chini ya Sultani Seyyid Said wa Unguja. Katika miaka ya 1840 majeshi ya Sultani yalitua kisiwani Pate, na watu wa Siyu wakayashinda. Bwana Mataka alifariki 1856, vita havijesha. Siyu haikusalimu amri mpaka 1863, zama za Seyyid Majid. Basi yule anayetunga ni mama mgonjwa, ameachwa na mtu ambaye mji mzima ulimtegemea, ana watoto, na hajui kesho italeta jahazi gani baharini. Anamwita binti yake, Mwana Hashima. Anamwambia ndoo mbee ujilisi, yaani njoo mbele ukae, na aje na wino na karatasi.

Hapo ndipo mimi husimama kila nikiusoma. Na wino na karatasi! Mwaka 1858, katika nyumba ya Kiswahili ya visiwa hivi, mama anamtaka binti yake aandike, na anajua binti anaweza. Wako wanaoukataa utendi huu kwa sababu unamhimiza mke kumtii mume, na wana haki ya kubishana nao. Zipo beti ambazo na mimi nabishana nazo. Lakini anayetaja utiifu akaishia hapo hajamwona mama anayempa mwanawe njia ya kuishi salama baada yake, kwa maneno ambayo hakuna askari wa kuyateka. Beti 102 zimebaki. Mwana Hashima mwenyewe alizeeka hadi karne ya 20. Msichana wa barazani kwangu nilipomsimulia haya aliichukua ile karatasi akaisoma upya kwa sauti, taratibu, na safari hii alisoma kama barua iliyoandikwa kwao.

Kuhusu utendi wa Al-Inkishafi, vitabu vya mwongozo vinatosheka kuandika kwamba maudhui yake ni ubatili wa dunia. Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, mtunzi wake, hakuishia kwenye kuutaja ubatili. Aliuonyesha katika nyumba za watu. Anausemesha moyo wake, anauonyesha Pate: taa zilizowaka zimezimika, kumbi zina popo, na vidaka, yaani vishubaka vya ukutani, vilivyopangwa sahani za thamani sasa wamelala ndani yake makinda ya ndege.

Mwaka mmoja nilipata mashua ya kuazima nikawachukua wanafunzi 14. Tulipita mlango wa bahari wa Mkanda maji yakiwa yamejaa, tukatua Mtangawanda, tukaenda kwa miguu hadi Pate. Wewe unayajua magofu yale: kuta za matumbawe zimesimama peke yake, na katikati ya vyumba wenyeji wamepanda tumbaku. Kijana mmoja, mkorofi wa darasa, alitia mkono katika kidaka kilichobaki ukutani, akautoa na nyasi kavu na unyoya mmoja. Hakusema kitu. Alikwenda akaketi kivulini, akafungua kitabu, akautafuta ubeti ule mwenyewe. Kisha akaniuliza swali ambalo sijawahi kuliona katika mtihani: "Mwalimu, watu wa hapa walikwenda wapi?"

Nikawasimulia wote pale pale, chini ya jua. Kwamba Pate ya Wanabahani, ukoo uliotawala pale, ilichoshwa na vita vya miaka mingi, na kwamba pigo kubwa lilitoka kwetu. Karibu na 1812 Pate na Wamazrui, watawala wa Mombasa, waliijia Lamu kwa majahazi, na watu wa Lamu wakawavunja ufukweni Shela. Vita hivyo wengine huviita vita vya Kuduhu. Vijana wangu wa Lamu walitazamana. Hawakuwa wamefikiri kwamba shairi wanalolisoma kwa huzuni lina upande, na kwamba wao ni wajukuu wa upande ulioshinda. Siku ile walielewa fasihi zaidi ya walivyoelewa katika muhula mzima, na gharama yake ilikuwa petroli na maji ya kunywa.

Vita hivyo vilipiganwa kwa mashairi pia. Bwana Zahidi Mngumi, mmoja wa viongozi wa Lamu, alikuwa mtunzi, na tungo za Lamu na Mombasa zilirushiana maneno kabla na baada ya majahazi. Mombasa ilikuwa na Muyaka bin Haji, na huyo hakuwa mtu wa kunyamaza. Kiongozi wa zama zile alipotaka kuwaambia watu wake jambo zito, alilipanga kwa vina ili lishike, na watu walimpima kwa hilo. Ngome yetu ya Lamu, iliyokamilika 1821, ilitokana na hofu na ushindi wa vita vile. Watoto wetu hupita mbele yake kila siku wakienda sokoni. Wangapi wanajua kwamba upo ushairi uliozaliwa pamoja na kuta zile?

Na ngome hiyo hiyo ikaja kuwa jela, mpaka 1984. Kila ninapopita hapo humkumbuka Abdilatif Abdalla wa Mombasa, ingawa yeye hakufungwa hapa. Alikuwa katika jela za Kamiti na Shimo la Tewa. Alifungwa 1969 akiwa kijana wa miaka 22, kwa sababu ya kuandika waraka uliouliza Kenya inakwenda wapi, akatoka 1972. Mashairi aliyatunga jela, akiyaandika kwenye karatasi za chooni. Sauti ya Dhiki ikatoka 1973, na mwaka uliofuata ikapewa tuzo ya fasihi yenye jina la Rais Jomo Kenyatta, ambaye ndiye aliyekuwa madarakani alipofungwa. Nilipowasimulia wanafunzi hayo, hakuna aliyehitaji kuambiwa dhiki ni maudhui.

Sasa nije kwenye linaloniuma zaidi.

Muhamadi Kijuma, aliyefariki 1945, alikuwa mtu wa Lamu: mshairi, mchonga milango, fundi wa khati. Mkono wake ulinakili tendi nyingi tunazozisoma leo, kwa sababu wataalamu wa Ulaya walimwagizia nakala naye akawaandikia. Lau si yeye, huenda nyingine zingepotea kabisa. Lakini mtoto wa Lamu anayetaka kuuona mwandiko wake kwa macho inambidi aende London, chuo cha SOAS, au atazame picha zake kwenye intaneti. Sisemi waliozihifadhi wamekosea, maana wamezitunza vizuri. Nasema tu kwamba zilizobaki huku bado tunazo, na zinakufa.

Bibi yangu alikuwa na madaftari mawili ya mashairi ndani ya kasha lake, Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Alikuwa akiyatoa mwezi wa Rajabu, anayasoma kwa sauti, sisi watoto tumekaa mkekani. Daftari moja aliazimwa na mgeni aliyesema atalirudisha baada ya wiki mbili. Bibi alilisubiri mpaka alipofariki. La pili ninalo mimi. Mchwa waliingia kwa nyuma, wakatoboa jalada na kurasa nyingi mpaka ya kwanza. Maneno mengi bado yanasomeka. Lakini tundu moja limepita pale pale mwanzoni, panapotajwa jina la mtungaji. Limebaki "binti", na baada yake ni tundu. Utendi ninao, wa beti nzuri sana, na mwenyewe simjui. Nimewauliza wazee wote ninaowafahamu, Langoni na Mkomani. Aliyekuwa akijua ni bibi, nami sikumuuliza.

Makasha ya namna hiyo yako mengi, Mheshimiwa. Yako Lamu, Pate, Siyu, Faza, Matondoni. Siyu peke yake ulikuwa mji wa wanazuoni na wanakili wa misahafu. Wenyewe hawataki kuyatoa, na wana sababu, maana kila familia ina hadithi ya mgeni ambaye hakurudi. Kwa hiyo usiwaombe wayatoe. Tenga chumba kimoja katika maktaba, uweke mashine nzuri ya kupigia picha na kijana mmoja anayesoma khati zile. Mwenye daftari aje nalo mwenyewe, akae hapo hapo lipigwe picha mbele yake, aondoke nalo mkononi pamoja na nakala. Na kabla hajaondoka aulizwe: nani alitunga, alikuwa mtoto wa nani, alikaa mtaa gani, alitunga kwa sababu gani. Hayo yaandikwe siku ile ile. Picha bila majibu hayo itatuachia tundu kama la daftari la bibi.

Wazee nao waingie madarasani, na walipwe kama wanavyolipwa watu wa semina. Ahmed Sheikh Nabhany, mzaliwa wa Lamu 1927, aliyetupa neno runinga na mengine mengi, alifunzwa ushairi na bibi yake aliyemlea. Kitabu chake cha ushairi, Sambo ya Kiwandeo, kilichochapishwa 1979, kimehifadhi maneno ya mafundi wetu wa vyombo vya baharini. Mpaka leo Matondoni wanaunda vyombo. Mtoto akipelekwa na shairi lile mkononi, fundi atamwonyesha kila neno kwa kidole, ubao hadi msumari. Nabhany alituacha 2017, na maneno aliyobaki nayo ambayo hayakuandikwa amekwenda nayo.

Na mashua. Kila shule ya sekondari ya kaunti hii ipate safari moja kwa mwaka ya kwenda Pate na Siyu, kwa maji kujaa, na mwalimu abebe vitabu. Siku ya Kiswahili Duniani ni tarehe 7 Julai. Mwaka huu, badala ya hotuba ndefu chini ya mahema, anza na safari hiyo.

Daftari la bibi nimelifunga kwa kitambaa cheupe na nimelitia karafuu kuzuia wadudu. Liko juu ya kabati, mbali na ukuta. Ukimtuma mtu aje baada ya alasiri, nitalitoa, nami nitakaa naye mpaka amalize. Na ikipatikana mashua, msichana wangu wa kidato cha tatu ameshaniomba nimwekee nafasi. Anataka kumwonyesha bibi yake wa Siyu ile karatasi ya mtihani, amuulize kama anajua Mwana Kupona alikaa nyumba ipi.

Wabillahi tawfiq.

Wako kwa heshima,
Mwalimu mstaafu, Langoni, Lamu