Kuhusu Luteni Stephen Swails

Ndugu Rashidi,

Salamu nyingi. Katika rasimu yako umeandika kwamba Stephen Atkins Swails, askari mweusi wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani na baadaye seneta wa jimbo, alihamia Washington. Pia umeuliza kwa nini anatajwa kuwa luteni tangu 1864 katika maandishi fulani, na tangu 1865 katika mengine. Tarehe zote mbili ni za kweli, na miezi iliyo kati yake naomba usiiruke hata kama unachokitafuta ni habari zake za useneta.

Alizaliwa Pennsylvania mwaka 1832, akiwa mtu huru. Aprili 1863 aliingia Rejimenti ya 54 ya Massachusetts, ya askari weusi waliowekewa maofisa weupe, akapanda hadi sajini wa kwanza wa Kombania F. Tarehe 20 Februari 1864, huko Olustee, Florida, jeshi la Muungano, yaani la serikali kuu ya Marekani, lilishindwa vibaya, na Rejimenti ya 54 ikabaki nyuma kuwakinga waliokuwa wakirudi. Swails alijeruhiwa kichwani.

Mwezi uliofuata Gavana John Andrew wa Massachusetts alimpa hati ya luteni usu. Hapo ndipo watu wengi wanapokosea. Hati ya gavana haikutosha: askari alipaswa kwanza kuachishwa ile nafasi yake ya zamani, halafu aandikishwe upya kama ofisa na jeshi la serikali kuu. Wizara ya Vita ilikataa kumwandikisha kwa sababu ana damu ya Kiafrika. Hati anayo, lakini kwenye daftari bado ni sajini. Kanali Hallowell, kamanda wa rejimenti, aliendelea kumtetea, na kibali kikatoka Januari 1865.

Wakati huohuo palikuwa na mgogoro wa mshahara. Askari mweupe wa kawaida alilipwa dola 13 kwa mwezi. Mweusi alipangiwa 10, zikakatwa 3 za mavazi, na hata sajini hakuongezewa. Massachusetts ilijitolea kufidia pengo. Rejimenti ikakataa, ikakaa mwaka na zaidi bila kupokea senti. Walidai kutambuliwa kuwa askari kamili, na mimi naona walikuwa na haki kabisa.

Vita vilipokwisha alibaki jimbo la South Carolina, akafanya kazi Kingstree katika idara ya serikali iliyohudumia watu waliotoka utumwani. Mwaka 1868 alikuwa mjumbe wa mkutano wa katiba mjini Charleston. Katiba hiyo iliagiza shule za umma kwa watoto wote, bila kujali rangi. Mwaka huohuo kaunti ya Williamsburg ikampeleka Seneti ya jimbo, akakaa huko miaka kumi. Aliwahi kuwa rais wa muda wa Seneti, yaani mwenye kuongoza kikao pale naibu gavana anapokosekana. Alikuwa pia wakili, na meya wa Kingstree.

Aprili 1877 Rais Hayes aliondoa wanajeshi waliolinda jengo la serikali mjini Columbia, na wapinzani wa haki za watu weusi wakashika jimbo. Mwaka uliofuata Swails alitishiwa kuuawa, akaenda Washington. Kwa hiyo katika rasimu yako lifute neno "alihamia". Andika kwamba alifukuzwa.

Wako,
Salim