Barua kwa Furaha kuhusu Chui

Bukavu, Ibanda

Furaha mwanangu,

Pesa ulizotuma kutoka Lubumbashi zimefika, aksanti sana. Lakini kuna neno katika ujumbe wako ambalo siwezi kuliacha lipite. Unasema ninunue paracetamol pale farmasia, nimpe paka wetu Chui nusu kinini ili maumivu yapungue. Najua umesema kwa huruma. Tafadhali usimwambie hivyo mtu yeyote mwenye paka. Ini la paka halina nguvu ya kuivunja dawa ile kama ini letu. Damu yake inaharibika na kushindwa kubeba hewa, ufizi unageuka rangi ya udongo, uso unavimba. Kinini kimoja cha miligramu 500, kile tunachomeza kichwa kikiuma, kinaweza kumuua paka mzima. Ibuprofeni nayo inashambulia figo, na figo ndizo hasa zinazomsumbua.

Mimi na mdogo wako tulimtia katika kikapu tukampeleka kwa veterineri, akamtoa damu. Ni figo, na hazitapona. Ugonjwa huu unajificha, mwanangu. Sehemu ya figo ikifa, iliyobaki inabeba kazi yote kimya kimya, na dalili zinapoanza kuonekana, karibu theluthi mbili ya uwezo wake imeshakwisha. Ndiyo sababu alikuwa anakunywa maji bila kushiba, anakojoa sana, na huku anakonda. Figo zikichoka haziwezi tena kubana mkojo, maji yanapita tu.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni maji. Unajua robine za mtaani kwetu zinavyokauka, basi bidoni moja ni ya Chui na hakuna anayeigusa kwa kufua. Bakuli moja liko jikoni, lingine sebuleni, lingine karibu na pale anapolala, maana magoti yake yanamuuma na akiona maji yako mbali anaweza kukaa na kiu.

Chakula ndicho kinachonitia mawazo. Zamani tulimmwagia tu mchuzi uliobaki na ugali. Sasa hapana, kwa sababu ya kitunguu: kiwe kibichi au kimepikwa, kinavunja chembe za damu za paka. Chumvi nayo hapana. Sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, anazipenda mno, harufu ikipanda tu kutoka jikoni anaamka hata kama alikuwa katika usingizi mzito. Lakini sambaza inaliwa pamoja na mifupa, na mifupa ina fosforasi nyingi ambayo figo mbovu haziwezi kuitoa. Nampa chache, mbichi za siku hiyo, nimezichemsha na kutoa vichwa na miiba. Siku nyingine nampa nyama ya kuku iliyokatwa ndogo ndogo, yenye maji yake ya uvuguvugu. Akinusa akageuza kichwa, si kiburi. Uchafu ambao figo zingeutoa umebaki katika damu na unamtia kichefuchefu. Hapo nampa dawa ya kuzuia kutapika aliyoandika veterineri, namsubiri, kisha najaribu tena. Kumwacha na njaa siku mbili tatu eti atakula akitaka ni hatari, kwa sababu mafuta ya mwili yanakimbilia ini na kuliziba.

Halafu kuna seromu, yale maji ya dripu ya kumwongezea maji mwilini. Mdogo wako aliogopa, sasa ndiye fundi. Chupa ya Ringer, ndilo jina la maji hayo, tunaitia katika maji ya moto kidogo ipate joto la mwili. Chui anakaa juu ya magoti yangu, mtoto anavuta ngozi kati ya mabega mpaka inasimama kama hema, anaingiza sindano chini ya ngozi, si katika mshipa. Kiasi amekipanga veterineri, hatukiongezi kwa huruma. Panabaki uvimbe laini unaoteremka mpaka mguuni na kuisha wenyewe baada ya saa kadhaa. Baadaye anajilamba manyoya, jambo ambalo alikuwa ameliacha, na mimi nafurahi kuliko ninavyoweza kukuandikia.

Sanduku lake la mchanga wa kujisaidia tumelikata upande mmoja asiruke, na chini ya dirisha tumeweka kigoda.

Jirani anauliza kwa nini natumia pesa kwa paka wakati watu mjini hawana dawa. Swali lake si baya, na mimi naumia kama yeye. Lakini mnyama huyu amelinda maharagwe na mahindi yetu tangu wewe uko shule ya msingi. Panya hawakupata kuonja gunia letu. Sitamtoa nje kwa sababu amezeeka.

Uliuliza pia kama si afadhali tumwache aende. Bado. Anakula, anafika mchangani mwenyewe, jioni anakuja kukaa nasi, na siku nzuri ni nyingi kuliko mbaya. Hayo manne ndiyo ninayoyaangalia. Akikataa chakula hata baada ya dawa, akajificha, akalala katika mkojo wake, nitamwita veterineri amchome kwanza sindano ya usingizi, kisha ile ya mwisho. Sitamwacha afe kwa kiu chini ya kitanda na kusema tumemwachia Mungu. Nitakupigia kabla, utasikia kwangu mimi.

Pesa iliyobaki nimeiweka kwa kipimo cha damu kinachofuata. Ukipata mtu anayekuja huku, mpe sindano nyembamba za seromu, farmasia ya hapa jirani ina zile nene tu, na zinamuumiza.

Mama yako