Nipigie picha ya dirishani kwako

Rafiki yangu wa siku nyingi,

Salamu sana. U hali gani, na watu wa nyumbani hawajambo? Sisi tu wazima. Leo nimeketi kukuandikia habari ya zile picha nilizokudokezea tulipozungumza mara ya mwisho. Niliwaomba marafiki na majirani kila mmoja anipe picha ya msimu ulivyo pale alipo, niziweke pamoja, na kila aliyetoa yake aone za wenzake.

Zimekuja nyingi. Mwanzoni karibu wote walileta machweo. Machweo ni mazuri, siyakatai, lakini ukishatazama kumi huwezi tena kujua ipi ni ya nani wala ya mwezi gani. Picha iliyonishika ni ya mama jirani, ambaye alisitasita kunipa akisema, "Hiyo haina kitu." Ni kamba ya kuanikia nguo, na nguo yenyewe hakuna. Mvua imetoka kukatika. Matone yamening'inia chini ya kamba, makubwa pale katikati ilipolegea, madogo huku mwishoni, na vibanio vitatu vimesahauliwa. Ukiikuza unaona ndani ya kila tone ukuta na anga, juu chini, maana tone hupinda mwanga kama lenzi. Alikuwa ameingiza nguo mbiombio, akarudi nje na simu. Basi mimi nikiitazama nasikia hata harufu ya udongo ulionyeshewa.

Na wewe usiniambie huna cha kupiga. Picha kongwe kuliko zote za kamera zilizosalia duniani ni ya dirishani. Mfaransa Nicéphore Niépce aliipiga mwaka 1826 au 1827 kutoka dirisha la juu nyumbani kwake, kwenye bamba la madini alilolipaka lami. Ni mapaa na kuta tu. Bamba lilihitaji mwanga wa saa nyingi, jua likahama huku picha inaendelea kujichora, hata kuta zinazotazamana zote zikaonekana zimepigwa na jua. Hebu fikiria, saa zote hizo zimo ndani ya picha moja!

Rafiki yetu mmoja aliyeko kaskazini ya mbali ametuletea theluji ya Januari iliyotua kwenye mkono wa koti lake jeusi. Chembe mbili zimetoka wazi kabisa, kila moja na ncha zake sita. Nikamkumbuka Wilson Bentley, mkulima wa Vermont, Marekani, aliyeanza kupiga chembe hizo mwaka 1885 na kufikisha picha zaidi ya 5,000, akiwa palepale kwenye shamba lao. Na Januari hiyohiyo mwingine aliyeko kusini katuma jua la utosini na kivuli chake kimejikunja miguuni. Dunia imeinama kwa nyuzi zipatazo 23.5, kwa hiyo upande mmoja ukilielekea jua mwingine unalipa kisogo. Jambo hilo nililisoma tangu utotoni, lakini nililielewa siku nilipoziweka picha hizo mbili sambamba.

Kosa moja limeniuma. Za kwanza nilizipokea kwa simu, zikapita mkono hadi mkono, na picha ikitumwa hivyo mara nyingi hubanwa ikapoteza ung'avu, na tarehe ya kupigwa nayo ikapotea. Ninayo moja nzuri ya dimbwi lenye jani linaloelea. Ni ya mvua za kwanza au za mwisho? Aliyeipiga mwenyewe hakumbuki. Sasa naomba kila mtu aandike siku na mahali, hata kwa maneno mawili. Mahali pawe pa jumla tu, kwani faili la picha laweza kubeba ndani yake alama ya nyumba hasa, nami huiondoa kabla sijamwonyesha yeyote. Na sura ya mtu, ya mtoto hasa, haitoki bila ruhusa ya wenyewe.

Sasa ombi langu kwako. Unao ule mti mbele ya chumba chako, unaopukutisha majani yote kisha ukachipua upya. Upige mara moja kila wiki, saa ileile, umesimama palepale; weka alama sakafuni kama itakusaidia. Zipo wiki utakazoona hakuna kilichobadilika. Piga hivyohivyo, maana hizo ndizo zitakazotuonyesha ni lini hasa machipukizi yalianza. Usingoje jua zuri, na kukiwa na vumbi au ukungu kwenye kioo, usikifute kwanza.

Nangoja ya wiki hii.

Wako akupendaye,
Mwenzako wa siku zote