Kabla hujatoa injini ya petroli ukaweka dizeli, piga hesabu yote

Ndugu Mhariri, naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako niongee na wenzangu wenye pikapu na malori ya zamani, maana kila siku namsikia mtu anasema "hii ya petroli naitoa naweka dizeli nipumzike na mafuta", ukimuuliza amepiga hesabu gani anakutajia bei ya injini basi, kingine chochote hajakigusa.

Mimi hiyo kazi nimeifanya. Gari lilikuwa pikapu ya petroli, silinda 6, bodi nzima kabisa ila injini imechoka, inakula oili na mafuta vibaya sana. Fundi akaniambia siku nne tano linatembea, likakaa miezi mitatu. Injini yenyewe iliingia mapema tu, kilichotukalisha ni vile vinavyoizunguka, mauntingi za kuchomelea upya, sahani ya kuunganisha injini na giaboksi, klachi, rejeta kubwa zaidi, ekzosi, halafu giaboksi ilisogea nyuma ikabidi na propela shafti ikatwe ipimwe upya.

Ila kilichoniuma ni breki. Siku ya kwanza kulitoa nilikuwa na mwanangu pembeni, tukafika mteremkoni nikakanyaga pedali, ngumu kama jiwe, gari halisimami. Nikashusha gia huku navuta handibreki, Mungu akasaidia likatulia. Sasa sikilizeni kwa nini. Injini ya petroli ukiachia mguu ule mlango wa hewa unajifunga, injini inavuta kwa nguvu, na mvuto huo ndo unaoisaidia busta ya breki, kile kifaa kinachoongezea nguvu mguu wako kwenye pedali. Dizeli nyingi za zamani hazina mlango huo, hewa inaingia wazi muda wote, kwa hiyo mvuto hakuna na lazima iwepo pampu ya vakyumu, nyingi zinakaa nyuma ya altaneta. Mimi nilifungiwa altaneta ya kawaida na mpira wa busta ukachomekwa kwenye manifodi kama zamani. Yaani kama unasoma barua hii na gari lako lipo gereji linabadilishwa, nenda kaulize habari ya hiyo pampu leo leo.

Uzito nao watu wanaudharau. Dizeli haina plagi za cheche, inawaka kwa kubana hewa, inabana mara 16 mpaka 22 wakati petroli za zamani ni kama mara 8 au 9, ndo maana bloku yake na kichwa chake ni vinene. Ile Cummins ya lita 5.9 iliyoanza kuwekwa kwenye pikapu za Dodge za 1989 ni karibu kilo 500 injini peke yake. Ukiipachika kwenye gari lisilotengenezwa kwa ajili yake springi za mbele zinalala, usukani unakuwa mzito, na ile nguvu yake ya kuvuta, karibu Nm 540 kwenye mizunguko chini ya 2,000, inakwenda moja kwa moja kuitafuna giaboksi na difu uliyoiacha ya zamani.

Halafu difu. Hapa wengi wanaishia kulia barabarani. Chukua difu ya 4.1, yaani propela shafti inazunguka mara 4.1 tairi likizunguka mara moja, na tairi ambalo mzunguko mmoja linatembea mita 2.4, kwenye gia isiyo na ovadraivu (gia ya juu inayopunguza mizunguko ya injini) spidi ya 100 injini inazunguka kama 2,850 kwa dakika. Kwa petroli hiyo si kitu, ila dizeli nzito nyingi pampu ya mafuta inaanza kuzikatia mafuta kwenye 2,500 hivi, maana yake gari lako litaganda kwenye 88 likipiga kelele tu, na dawa ni kubadili difu au kutafuta giaboksi yenye ovadraivu, gharama nyingine hiyo.

Tanki lioshwe kabisa, dizeli ndo inayolainisha pampu yake ya mafuta, ikichanganyika na petroli pampu na nozeli zinakufa. Na usisahau bomba la kurudisha mafuta kwenye tanki pamoja na filta ya kutenga maji. Kama lazima ubadili chagua injini ya pampu ya kawaida isiyo na kompyuta, hizi za komoni reli, dizeli za kisasa ambazo kompyuta ndo inaamua mafuta yaingie kiasi gani, zinakuja na kontroli boksi na sensa na waya kibao, kwenye gari la zamani utahangaika mno. Bora zaidi ununue gari zima lililogongwa lenye injini hiyo, upate na giaboksi, mauntingi, pampu ya vakyumu na waya zake. Namba ya injini nayo ikabadilishwe kwenye kadi ya gari na bima, ajali haikusubiri wewe umalize makaratasi.

Sisemi dizeli mbaya, hapana. Anayebeba mzigo mzito kila siku namwambia abadili bila wasiwasi. Tuseme petroli inakula lita 20 kwa kilomita 100 na dizeli lita 14. Ukitembea kilomita 40,000 kwa mwaka umeokoa lita 2,400, hapo gharama yako inarudi. Ukitembea 5,000 umeokoa lita 300, zidisha na bei ya lita moja halafu weka pembeni ya zile gharama zote nilizotaja.

Mdogo wangu alikuwa ananibembeleza tuiwekee dizeli pikapu aliyotuachia mzee. Inatoka jumapili na siku za mavuno tu. Tulikaa tukapiga hesabu hii hii kwenye daftari, akanyamaza, kisha akasema mwenyewe bora tufanye ovaholi, tuifufue injini ile ile ya petroli. Bloku sasa hivi ipo kwa mchongaji, tunasubiri pistoni za ovasaizi, kubwa kidogo kuliko za mwanzo.

Ni mimi msomaji wako wa siku nyingi.