Toka getini kwanza, Mama Plamedi

Lubumbashi, tarehe 14 Novemba

Mpendwa Mama Plamedi,

Salamu nyingi kutoka kwetu Katuba. Sisi ni wazima, ila Dorcas alikohoa wiki nzima. Tangu juzi anakula vizuri na kelele zake zimerudi. Mvua zimeanza, na mahindi niliyopanda nyuma ya jiko yameshachomoza.

Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza mara mbili, mara ya pili usiku wote wakiwa wamelala. Uliposema kwamba tangu wafunge ofisi yenu ya Likasi, ukabaki kufanya hesabu zao ukiwa nyumbani, umekuwa mvivu, na hujui umepatwa na nini, niliumia, kwa sababu nakujua. Si wewe uliyekuwa ukituamsha saa kumi alfajiri kule chuoni kabla ya mitihani, tukikukasirikia? Mtu wa namna hiyo hageuki mvivu kwa miezi mitatu. Ndiyo maana sikukujibu kwa simu. Nimetaka nikuandikie, uweze kurudia kusoma siku utakayohitaji.

Huu ni mwaka wangu wa nne kufanyia kazi nyumbani, na ule wa kwanza ulikuwa mbaya kuliko nilivyowahi kukuambia. Unajua kazi yangu: wananitumia rekodi za mahojiano kwa Kiswahili chetu, nasikiliza, naandika neno kwa neno, kisha naweka kwa Kifaransa. Saa moja ya rekodi inakula saa tano au sita za kuandika, na kama jogoo alikuwa karibu na aliyekuwa anasema, hata saba. Ni kazi inayotaka mtu akae. Mimi sikukaa. Niliamka, nikafagia lupango, uwanja wa nyumba, nikaosha vyombo, nikajiambia nikimaliza hiki naanza. Jirani anakuja na mtoto mgongoni: "Mama Dorcas, si uko tu hapa, niangalizie huyu nifike sokoni." Mwenye kuuza makala, mkaa wa kupikia, amefika na baiskeli yake, nani atampokea? Kikitokea kilio barabara ya pili, wa kwanza kuitwa kwenda kupika ni mimi, maana wengine wako kazini. Na mimi nilikwenda, dada, bila kinyongo, kwa sababu hata ndani ya moyo wangu niliamini kwamba nipo tu.

Kisha nikapoteza kazi. Nilitakiwa kurudisha rekodi tatu Jumatatu asubuhi. Jumamosi umeme ukakatika, ukarudi Jumatatu jioni. Nikaeleza, nikaomba radhi, na wao wakajibu kwa adabu kwamba watampa mtu mwingine sehemu iliyobaki. Kwa muda mrefu nilisimulia jambo hilo kama hadithi ya umeme. Lakini Alhamisi na Ijumaa ya wiki ile umeme ulikuwepo kutwa nzima, na mpaka leo sikumbuki nilifanya nini siku hizo mbili. Hilo ndilo lililoniogopesha.

Sasa nikuambie ninachofikiri, na nimekifikiria muda mrefu. Sisi hapa kazi tunaijua kama mahali. Sikiliza tunavyosema: baba iko anaenda ku kazi, baba ametoka ku kazi. Kazi ina geti, ina saa ya kuingia, ina mtu anayekuona umeingia. Mji huu ulianza mwaka 1910 kwa ajili ya shaba, na babu zetu walilisikia neno kazi pamoja na king'ora cha kambi. Mama anayelima tangu alfajiri, akabeba, akauza, akarudi kupika, muulize mtoto wake: atakuambia mama hana kazi, anakaa nyumbani. Lugha ndiyo hiyo na sisi tumelelewa ndani yake. Kwa hiyo walipofunga ofisi yenu na kukuambia uendelee kutoka nyumbani, walikuachia hesabu zote lakini mahali pakaondoka. Usijiite mvivu. Umebaki na kazi isiyo na geti.

Haya niliyajua kwa baba yangu. Wewe ulimkuta akiwa mzee tayari, hukumwona mwaka 2003, wakati wafanyakazi wa shaba zaidi ya 10,000 walipoandikishwa kuondoka, wanaita kwa hiari, naye akawa mmojawapo. Alikuwa fundi wa umeme, miaka ishirini na sita kazini. Wenzake wengi walikaa kwenye viti mbele ya nyumba na wengine hawakusimama tena. Baba aliendelea kuamka saa kumi na moja. Alinawa, alivaa lile shati la rangi ya kaki, akatoa baiskeli ndani, akaipangusa kwa kitambaa kilicholoweshwa mafuta ya taa: kwanza usukani, kisha kengele, kisha kila njiti ya gurudumu moja moja. Halafu akaipanda, akaenda mpaka pale reli inapokata barabara, akageuka. Dakika ishirini hivi kwenda na kurudi. Akiingia getini hakuja sebuleni. Alizunguka nyuma mpaka kwenye kibanda alichojijengea kwa mabati, na humo akatengeneza redio na pasi za watu mpaka saa kumi jioni. Mama alitukataza tusimwite. "Baba yenu yuko kazini," alisema, na tulimwona kabisa, hatua kumi kutoka kwetu.

Nilikuwa msichana, nilimwonea huruma. Nilidhani anashindwa kusahau. Miaka kumi na tano baadaye, nikiwa nimepoteza ile kazi, siku moja niliikumbuka ile baiskeli, na nikaelewa kwamba hakuwa anakumbuka kitu. Alikuwa anakwenda kazini.

Basi mimi sina baiskeli. Kila asubuhi, Dorcas akishaondoka kwenda shuleni, navaa nguo ya kutoka, viatu vya kutoka, nafunga geti nyuma yangu. Natembea mpaka kwa yule mama wa bitumbula, maandazi ya kukaanga, pale kona, nanunua vinne, nasalimia watu wa njia ile. Narudi, sipiti sebuleni, naingia kwa mlango wa nje wa kile chumba kidogo. Nina meza, kiti, na kaye, daftari langu la kuandikia. Hakuna kitanda humo. Nilikitoa mwenyewe, na hilo kwa kweli liligharimu maneno mengi nyumbani, maana wageni sasa wanalala sebuleni. Kama huna chumba, chagua pembe, lakini pembe hiyo isitumike kwa nguo za kupigwa pasi wala sufuria. Mchana natoka kwa mlango uleule. Jioni navua viatu, na hapo Dorcas anajua anaweza kuniuliza chochote.

Uliniuliza kuhusu mama mkwe wako, kwamba anakutuma kila nusu saa. Mimi wangu nilibishana naye miezi sita bila faida. Siku moja nilikuwa natafsiri karatasi ya mafunzo kuhusu chakula cha watoto wadogo, imeandikwa kwa Kifaransa, inatakiwa isomwe vijijini. Nilichoka, nikatoka nayo nje, nikamsomea akiwa anapepeta mchele. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Hapa unasema ugali. Nani anakula ugali hapa? Andika bukari." Akanirekebisha maneno matano, na alikuwa na haki yote matano. Kesho yake aliniuliza, "Ile karatasi wameikubali?" Tangu siku hiyo jirani akija na mtoto, mama ndiye anayetoka getini kumwambia, "Mkwe wangu yuko kazini." Wako anajua hesabu unazofanya zinahusu nini? Mwonyeshe. Mwambie ni mishahara ya wauguzi wangapi inayopita mikononi mwako kila mwezi, na wangelala njaa nani kama ungekosea tarakimu moja. Wazee wetu wanaheshimu kazi wanayoielewa.

Kuhusu wakubwa wako wa Kinshasa, kumbuka wako nyuma yetu kwa saa moja. Ukikaa mezani saa mbili asubuhi, kwao ni saa moja, hakuna atakayekuandikia. Saa hiyo ni yako peke yako: iwekee kazi nzito kuliko zote, ule ulinganisho wa hesabu za benki unaouogopa, na usiifungue simu. Upande wa jioni ni kinyume. Wao wakisema "kabla ya saa kumi na moja," kwetu ni saa kumi na mbili, mbabula, lile jiko la makala, imeshawashwa na watoto wana njaa. Waambie mapema na kwa upole saa unayofunga. Mimi niliwaambia wangu, nikaogopa wiki nzima, na hakuna aliyekasirika.

Umeme sitakuambia mengi, unaujua kama mimi. Ninachofanya ni kugawa kazi mara mbili: ile inayotaka umeme na ile isiyoutaka. Ukiwepo, hata saa nane usiku, nachaji kila kitu, natuma mafaili, na kurudi kulala. Usipokuwepo nasahihisha kwa kalamu ndani ya kaye. Mvua nayo nimeipatia nafasi. Ikipiga juu ya mabati siwezi kusikia rekodi hata nikibana masikio, kwa hiyo kuanzia sasa mpaka Aprili, asubuhi nasikiliza, mchana nasoma nilichoandika.

Kuna jambo moja ninalolipenda kuliko yote, na sijamwambia mtu. Zamani nilikuwa namaliza siku mahali pazuri pa kumalizia, mwisho wa rekodi au mwisho wa swali. Asubuhi ilikuwa kama kupanda mlima toka chini. Siku moja umeme ulinikata katikati. Alikuwa anasema mama mmoja, siwezi kukuambia ni wa wapi, anasimulia jinsi shamba lake lilivyochukuliwa. Akasema, "Basi nikamfuata yule chifu mpaka kwake, nikamkuta amekaa, nikamwambia..." na kompyuta ikazima. Dada, nililala naye yule mama. Nilimwazia nikiosha vyombo. Asubuhi nilitembea haraka mpaka kwa mama wa bitumbula, nikasahau hata chenji, nikakaa kusikiliza alimwambia nini. Tangu siku hiyo nakata kwa makusudi, katikati ya sentensi, pale mtu anapotaka kusema neno lake. Namba si watu, najua, lakini jaribu. Acha hesabu moja ambayo hujaona tofauti imetoka wapi, ukiwa umeshaanza kuishuku. Iandike kwenye kaye: "Tazama risiti za Julai." Kisha funga, nenda kapike.

Na upweke. Hilo hukulisema, ila nililisikia, maana uliwataja wenzako wa ofisini kwa majina wote. Mimi Ijumaa nachukua kompyuta iliyojaa chaji na kwenda mtaa wa Kenya, hapa hapa Lubumbashi, kwa rafiki yangu mmoja mshonaji. Yeye na cherehani yake, mimi na visikizi vyangu, meza moja. Hatuzungumzi mpaka saa sita. Anakata, anapima, anashona, anafumua alipokosea bila kulalamika, na nikiinua macho namwona mtu anafanya kazi. Saa sita tunakula, na hapo tunasema mpaka makoo yanauma. Ijumaa ndiyo siku ninayotoa kurasa nyingi kuliko zote. Likasi hapakosi mtu wa namna hiyo. Hata fundi wa viatu.

Zitakuwepo siku zisizokwenda, nazo usizifiche. Wiki iliyopita, Dorcas akiwa na homa, sikuandika ukurasa hata mmoja kwa siku tatu. Nilimwandikia ninayemfanyia kazi siku ya kwanza, sikungoja ya tatu, nikamwambia mtoto anaumwa, nipe mpaka Jumatatu. Alinipa. Mwaka ule wa kwanza ningenyamaza mpaka mwisho.

Bwana yako umsalimie, na Plamedi umwambie mama Dorcas anauliza kama bado anaogopa bata. Mama mkwe wako umpe heshima zangu. Likizo ya Noeli njooni, chumba kidogo nitakifunga siku zote mtakazokuwa hapa.

Mawingu yameshafika, na matone ya kwanza yanagonga mabati. Naacha, nichukue kalamu. Jumatatu saa mbili kasorobo nitakuwa njiani kwenda kwa mama wa bitumbula. Uwe umevaa viatu. Ukishafunga geti lako, nitumie neno moja tu: nimetoka.

Wako,
Mama Dorcas