Barua kwa Zuwena: mikoko na kikao cha Jumamosi

Wete, Pemba

Shoga yangu Zuwena,

Assalaam alaykum. Sisi huku wazima, alhamdulillahi, na watu wote wa nyumbani wanakusalimu. Mama yako nilimwona Ijumaa akitoka kwa Bi Time, goti lake lile lile na ulimi wake ule ule. Kanituma nikwambie ule, huko kwenye baridi usishindie chai. Nimeshakwambia. Habari ya kunyamaziana tuiache, maana ukianza kuhesabu wewe nami nitahesabu.

Nina jambo, ndiyo maana nimeandika na sikukutumia sauti. Sauti utaisikiliza ukiwa unapika, halafu useme umesahau.

Jumamosi wanakuja wageni kutoka Unguja, watu wa mazingira, kukaa na kamati yetu pale skuli. Faki, ambaye barazani hana mpinzani, kasikia "wageni" akaumwa na koo. Wamenisukumia mie nikaseme. Eti kwa sababu nina shoga yangu Cardiff, kule Wales, anayesomea mambo haya. Kwa hivyo msala huu ni wako pia, usijitoe.

Jambo lenyewe ni mikoko. Unalikumbuka lile bonde la marehemu Mzee Kombo, tulikokuwa tukienda kuamia ndege? Sasa likija bamvua, maji ya chumvi yanapanda mpaka katikati. Wenye vipande vya juu bado wanalima, wa chini wameshaacha, na jua likipiga ardhi inabaki na weupe wa chumvi. Kisiwa Panza nao wanalia kilio hicho hicho. Bahari inapanda, hilo halina ubishi, lakini hata mikoko, kinga tuliyokuwa nayo, tumeimaliza kwa boriti, kuni na tanuri za chokaa.

Basi kuna mradi uliwahi kuja, si hawa wa Jumamosi, wengine. Wakaleta fulana, wakaleta miche, wakataka tupande siku moja watu wapigwe picha. Ilikuwa aina moja tu, mkoko wenyewe, ule wenye mbegu ndefu, kwa kuwa ndiyo rahisi: unachomeka tu kwenye tope unakwenda zako. Bi Time akawaambia, hapa pana mchanga, hapa ni pa mchu, ile aina nyingine, mkoko unataka tope. Kijana mmoja, mpole tu, akamjibu: bibi, mpango umeshapitishwa. Bi Time akamuuliza, umepitishwa wapi? Hakuwa na jibu, na sidhani kama alikuwa analijua. Miche ikafa yote. Fulana zipo, yangu naidekia.

Tangu siku ile nimekuwa nikijiuliza mambo haya hupitishwa wapi hasa, na nani. Mwalimu Faki akaniazima Katiba ya Muungano, ile yake iliyochanika gamba. Mambo ya Muungano yameorodheshwa nyuma, 22, na mazingira hayamo. Maana yake mikoko, misitu na fukwe za hapa ni shauri la Zanzibar wenyewe. Na kwa kweli Serikali ya Mapinduzi haikulala. Sheria yetu ya kwanza ya mazingira ni ya 1996. Bara walipata yao 2004. Mifuko ya plastiki sisi tuliipiga marufuku 2006, wao mpaka Juni 2019. Unamkumbuka shemeji yako alivyoshuka bandarini na mifuko yake ya Kariakoo, akavuliwa yote, akafika nyumbani kazikumbatia suruali kama mtoto mchanga? Nilicheka mpaka leo.

Sasa nikaisoma tena ile habari yako ndefu ya Wales, hiyo nchi ndogo ndani ya Uingereza uliko, nikaona kumbe hadithi ni moja. Wao walianza kutoza pesa kwa kila mfuko 2011, England wakafuata 2015. Mdogo huanza, mkubwa huja nyuma yake akisema ni wazo lake. Nadhani ni kwa sababu sehemu ndogo taka zake huziona. Hapa ukitupa kitu Wete, upepo ukigeuka unakutana nacho mwenyewe.

Lakini nje ya hapo mkono unafupika. Mambo ya nje ni ya Muungano, kwa hivyo kwenye Mkataba wa Paris wa tabianchi Zanzibar haina kiti chake, na hata maombi ya fedha za Mfuko wa Kijani wa Tabianchi hupita Ofisi ya Makamu wa Rais wa Muungano, kule Dodoma. Wakubwa wa Unguja hulilalamikia hili na wana haki, asiyekuwepo na lake halipo. Kisiwa ndicho kinacholiwa na maji, na wa kukisemea ni mwengine.

Sawa. Ila shoga, lichukue lalamiko hilo hilo. Panapotajwa Dodoma weka Unguja, panapotajwa Unguja weka shehia yetu. Limebadilika nini? Wanataka waulizwe kabla ya jambo kupitishwa, na Bi Time naye alitaka hilo hilo. Hapo ndipo ninapotaka kuisimamisha kamati yetu Jumamosi, na hapo ndipo ninapoogopa. Nikilisema vibaya litageuzwa siasa, na siasa za kwetu unazijua, mtu hutiwa rangi ya chama kabla hajamaliza sentensi.

Na usidhani nawatakasa watu wa kwetu. Boriti hazikukatwa na Dodoma. Wengine waliokata ni... haya, niyaache, wako ndugu zako humo.

Tena shehia peke yake haiwezi. Tuwatazame waliofunga mwamba wa pweza kule Kisiwa Panza: walikubaliana, wakaupumzisha miezi, pweza wakanenepa, siku ya kufungua watu wakatoka na mizigo. Vizuri. Lakini mpaka ule unalindwa vipi na mvuvi aliyekuja kupiga dago kutoka mbali, ambaye hakuwepo kwenye kikao na hana habari nacho? Hapo lazima awepo mkubwa mwenye boti na mwenye sheria. Mie sisemi serikali itupishe. Nasema sisi tujue pa mchu na pa mkoko, na yeye ajue kumshika anayekata usiku. Sasa hivi ni kinyume: wao wanatuchagulia miche, na sisi tunaachiwa kukimbizana na majangili kwa tochi za simu.

Sheha wetu mtu mwema, simsemi, lakini sheha hatumchagui sisi, huteuliwa na Mkuu wa Mkoa. Akibanwa baina ya juu na chini unajua ataelemea wapi. Ndiyo maana nataka kitu cha maandishi. Iko sheria yetu ya misitu, nayo ya 1996, inayoruhusu jamii kuingia makubaliano na serikali ya kusimamia msitu wao, na vijiji vinavyozunguka msitu wa Jozani, Unguja, wamekuwa nayo miaka mingi. Kwa nini sisi tusiombe hivyo kwa mikoko yetu? Faki anasema tutapewa makaratasi na kazi bila ya fungu. Yaweza kuwa kweli. Faki akikosea huwa ni kwa bahati mbaya.

Kuna na mwani pia, ila sitalifungua Jumamosi, tutakesha. Tangu 2020 tuna wizara nzima ya Uchumi wa Buluu, na sisi tulio ndani ya hiyo buluu mpaka kiunoni, mwani wetu wa kotonii unakufa maji yakipata moto. Tunaambiwa tupande kwenye kina kirefu. Kwa boti ya nani, na wangapi kati yetu wanajua kuogelea? Haya.

Nirudi kwenye mikoko. Ile habari ya barabara mpya ya kupunguzia M4 msongamano uliyonisimulia haijanitoka, kwamba waziri wao mkuu wa wakati ule, Drakeford, aliikataa 2019 kwa gharama yake na kwa ajili ya yale mabonde ya maji ya Gwent. Na kwamba wana kamishna ambaye kazi yake ni kuwasemea wasiozaliwa. Sheria yao ya vizazi vijavyo ni ya 2015, na yetu mpya ya mazingira, iliyoleta ile Mamlaka ya Usimamizi wa Mazingira, nayo ni ya 2015. Mwaka mmoja! Nikamwambia Faki, akasema wao wana treni.

Sasa shida yangu. Nakala ya sheria yetu, ile uliyoichapisha ulipokuwa chuo kikuu cha SUZA ukaichora kwa wino wa manjano, nasikia iko kwa Mwanaidi Mjini. Mpigie umwambie aitie kwenye boti Alkhamisi, mie nitamtuma mtu bandari ya Mkoani akaipokee. Akisema haioni, mwambie iko chini ya kabati la vyombo, namjua.

Na unijibu haya, kwa maandishi: huyo kamishna wa Wales, mtu wa kijijini akimwandikia anajibiwa, au ni jina tu? Anaweza kuzuia jambo au hushauri tu? Halmashauri zao ndogo husikilizwa na huo mji wenu wa Cardiff, au nao wana Bi Time wao anayelalamika? Ungekuwa wewe Jumamosi, ungeanza na makubaliano ya msitu au na ile miche iliyokufa? Nikitaja miche watanuna? Na niseme nimesimama au nimekaa, maana wageni wenyewe ni wanaume watupu? Thisisi yako umefika wapi, na utaitaja Pemba humo au Unguja tu kama kawaida yenu? Mwezi wa Ramadhani unarudi au harusi ya Salma tuifanye bila yako?

Jibu kabla ya Ijumaa usiku. Salma anakusalimu, na anauliza ukubwa wa kiatu chako.

Wasalaam,
shoga yako Rukia